Nani Kabula Hapa

Kabula alifika stendi ya magari ya bondeni saa nane na nusu, kabla ya muda aliopewa, na bado akakuta gari limeshafika. Lilikuwa limeegeshwa kando ya ukuta, tope limepanda hadi kwenye vioo, milango wazi, ndani hamna mtu. Juu ya keria konda alikuwa anafungua kamba za magunia ya mpunga.

Alimsalimia, akamwambia amekuja kumpokea mtoto wa kike wa miaka minne aliyepandishwa Kamsamba asubuhi na bibi yake. Konda akaacha kamba. Aliitwa Jairo, mtu mzima wa Kinyiha, ndevu zimeanza kuota mvi.

"Mtoto wa kwa Kabula?" akauliza.

"Huyohuyo."

"Kabula ameshamchukua, dada. Tangu saa saba."

"Kabula ni mimi."

Jairo alishuka polepole, kama mtu anayeshuka ngazi asiyoiamini. Alimtazama usoni, kisha akaangalia chini, akapangusa viganja kwenye suruali. "Hata yule alisema hivyohivyo," akasema.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Dereva aliona wingu linajikusanya, akaondoa gari saa kumi na moja badala ya saa moja, ili avuke makorongo kabla hayajajaa. Ndiyo maana waliingia Tunduma mapema kuliko siku zote. Mtoto alikaa mbele, ana sweta la njano na chupa ya maziwa ya mgando aliyoikumbatia njia nzima. Hakulia, hakuongea. Walipofika, Jairo alimshika mkono, akasimama mlangoni, akaita: nani Kabula hapa? Mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama kivulini akaitikia. Jairo hakuridhika na hilo peke yake. Alimwinamia mtoto, akamuuliza anakwenda kwa nani. Mtoto akasema, kwa Kabula. Yule mwanamke akapiga magoti palepale topeni, akamkumbatia, akalia mpaka watu wakageuka. Sasa konda angeuliza nini tena?

"Angekuwa Rozi ningeuliza Rozi gani," alijitetea. "Angekuwa Nesta, vilevile. Lakini Kabula? Mimi tangu nizaliwe Kabula sijamsikia popote. Nikajua ni mmoja."

Kwa Mnyiha wa Vwawa kama Jairo, sawa, jina hilo lilikuwa geni. Lakini kwa Wasukuma walioshuka na ng'ombe wao hadi bonde la Momba, mtoto wa kike akizaliwa mvua inanyesha, jina limeshapatikana kabla mama yake hajapewa uji. Darasa la pili walikuwa Kabula wanne, mwalimu akachoka, akawaita kwa namba. Yeye alikuwa Kabula wa Tatu. Na mtoto yule alikuwa amekabidhiwa kwa jina hilo tu, kama mzigo usio na anwani.

Miaka miwili na miezi mitatu hakuwa amemwona. Baba yake mtoto, Sunday, alikwenda Saza kutafuta dhahabu, na Saza ikammeza. Si kwamba alikufa, alinyamaza tu. Kabula akamwacha mtoto kwa mama yake mzazi, akapanda Tunduma. Mchana alipika kwenye mgahawa wa Mwanakombo, mama mmoja wa Tanga aliyeolewa na msafirishaji, na jioni alikwenda kusoma madarasa ya watu wazima ili amalize kidato cha nne alichokiacha. Kila likizo alisema atashuka. Mara njia imekatika, mara mitihani, mara Mwanakombo hana mtu wa kushika jiko. Sasa alikuwa amepanga chumba chenye dirisha, na karibu yake palikuwa na shule ya chekechea yenye bembea mbili. Alimwambia mama yake, mlete.

Akamwomba Jairo ampigie bibi. Jairo akajaribu mara tatu, hakupata kitu. Kijijini kwa bibi mtandao hushika kwa bahati. Jairo akamuuliza Kabula mtoto anaitwa nani, walau waulizie kwa jina. Kabula akamweleza. Mtoto alipewa jina la Nyanzobe, jina la mama yake bibi. Lakini bibi angewezaje kumwita mama yake mzazi kwa jina kavu, kumtuma maji, kumkaripia? Kwa hiyo alimwita Mayu, yaani mama, na nyumba nzima ikafuata. Mtoto mwenyewe ukimuuliza, atakwambia ni Mayu. Na kila kitoto cha kike cha Kisukuma, kikibembelezwa, kinaitwa mayu.

"Kwa hiyo mama anaitwa Kabula kama wenzake, na mtoto naye anaitwa kama wenzake," Jairo alisema, si kwa kejeli, kwa kuogopa tu. Akamweleza mwanamke alivyokuwa: mrefu, mweusi, mwanya, kilemba cha bluu, begi kubwa la mistari. Alisema yeye atabaki palepale stendi mpaka giza, ikiwa yule mtu atagundua kosa na kurudi. Na kama Kabula anataka wa kuanzia, sokoni yuko mama mmoja wa Kisukuma anayeuza mchele; yule anawajua watu wa bondeni wote.

Kabula hakukimbia. Alitaka kukimbia, lakini aliogopa kwamba akianza, hataweza kufikiri. Alitembea haraka huku akijiuliza swali moja: ni mtu gani analia kwa kumkumbatia mtoto wa mwenzake? Mwizi halii. Mwizi anaharakisha. Basi ni mwendawazimu, au ni mtu aliyefiwa. Hakujua lipi lilikuwa afadhali.

Muuza mchele alikuwa mama mnene, amekaa juu ya kiti cha plastiki kati ya magunia, kibao chake kimeandikwa kwa chaki: MCHELE WA KAMSAMBA KWA MAMA KABULA. Kabula alikisoma mara mbili. Lakini kilichomshika macho hakikuwa kibao. Nyuma ya magunia, juu ya khanga, alilala mtoto wa kike wa miaka minne hivi, uso umegeukia ukutani, amevaa sweta la njano.

Alimpita yule mama bila salamu. Akachuchumaa, akainama, akamtazama mtoto shavuni, sikioni, kwenye nywele zilizonyolewa. Hapo akatambua jambo lililomtisha kuliko yote ya siku ile: alikuwa hajui. Angeweza kuwa yeye. Angeweza asiwe yeye. Aliyemwacha alikuwa kitoto kinene kinachotembea kwa kuyumba. Huyu alikuwa mtu.

"Dada, huyo ni mjukuu wangu," sauti ikasema nyuma yake. "Unamtafuta nani?"

"Mwanangu."

"Na mwanao humjui?"

Halikuwa tusi, lakini liliingia kama sindano. Kabula akasimama, akaeleza yote kwa Kisukuma, maneno yakimgongana. Alipotaja jina lake, yule mama akacheka kidogo, cheko la mazoea, akasema, "Kumbe wajina." Kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha kucheka.

Alisema Tunduma hii anawajua Kabula watano, yeye mwenyewe wa kwanza. Mmoja ni wa maziwa, lakini huyo ni mfupi. Mmoja ameolewa na Masudi wa malori, huyo yuko hospitali amejifungua. Mmoja amezeeka, haoni. Akahesabu kwa vidole, na alipofika kidole cha mwisho akakishikilia.

"Mwenye mwanya. Kabula wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka," akasema. "Alipita hapa asubuhi, anaulizia viatu vya mtoto. Dada yake amefariki Desemba, huko karibu na kwenu. Ameacha binti. Shemeji yake alikuwa ampandishe huyo binti kwenye gari leo, yeye ampokee. Wajina, huyo hakuiba. Huyo kapokea."

"Anakaa wapi huko Nakonde?"

"Hakai tena. Mume wake kapata kazi Kitwe, huko ndani Zambia. Aliniaga. Alisema anamsubiri mtoto tu, kisha wanapanda basi la saa tisa."

Ukutani, kwenye duka la jirani, kulikuwa na saa. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Kabula aliitazama, na mikono yake ikashuka tu yenyewe. Kitwe ni mbali. Kitwe hana mtu, hana anwani, hana hata jina kamili la mwanamke huyo isipokuwa jina lake yeye mwenyewe. Angesimama kwenye stendi ya mji usiojua Kisukuma wala Kiswahili, aite Kabula?

"Usinifie hapa," yule mama alisema akijifunga khanga kiunoni. "Saa tisa ya wapi? Basi ni la Zambia, linaondoka kwa saa za Zambia. Saa tisa yao ni saa kumi yetu. Tunazo dakika hamsini." Akamwita jirani amwangalizie mjukuu na magunia, akavaa ndala. "Twende. Mtoto wa wajina ni mwanangu. Hilo tunalisemaga kwa utani, leo tulitumie."

Mvua ya manyunyu ilianza wakati wanafika mpakani. Malori yalikuwa yamepangana kama kawaida, madereva wamelala miguu juu ya dashibodi, na wao wawili wakapenya katikati, Kabula mbele, mama wa mchele nyuma akihema na kuongea kwa wakati mmoja. Alimwonya kwamba wakifika asije akamrukia mtu. Wiki iliyopita tu hapohapo Nakonde mwanamke mmoja alimvuta mtoto wa ndugu yake aliyekuwa analia, watu wakasema anaiba mtoto, akaokolewa na polisi, blauzi imebaki mkononi mwa watu. Mtoto akilia, aliyemshika ndiye mama, anayemvuta ndiye mwizi. Umati hauna mahakama nyingine.

Kabula alisikia. Lakini walipovuka geti na kuingia stendi ya mabasi ya Nakonde, akaona mabasi manne yanaunguruma na watu wamejaa baina yake kama nafaka, yote aliyoambiwa yakamtoka. Akaita kwa nguvu zake zote, "Mayu! Mayu!"

Wanawake kumi wakageuka kwa pamoja. Muuza nyanya aligeuka, mwenye mtoto mgongoni aligeuka, bibi mwenye mwavuli akaitikia kabisa. Upande huu watu wanazungumza Kibemba, na kwa Kibemba mama ni mayo. Kabula alikuwa amesimama katikati ya stendi ya nchi ya watu akiita mama, mama, na akina mama walikuwa wanamtazama kwa huruma, wakidhani amefiwa.

Mmoja tu hakugeuka. Alikuwa kwenye ngazi ya basi lililoandikwa Kitwe, mrefu, kilemba cha bluu, na alikuwa anapanda haraka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umemshika mtoto wa kike mwenye gauni jipya jekundu na viatu vyeupe. Mtoto aligeuka, kwa sababu ameitwa. Alimtazama Kabula moja kwa moja, bila kumjua.

Kabula naye akamtazama. Alitafuta usoni mwake kitu, chochote, na hakukipata. Hofu ikamwambia: je, kama huyu ndiye binti wa marehemu kweli, na wako yuko kwingine? Ni hofu hiyo iliyomwokoa, maana ilimzuia mikono. Alikwenda hadi kwenye ngazi, akasimama chini, mvua ikimwingia shingoni, akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini kadiri alivyoweza:

"Mwadila, wajina."

Mwanamke alisimama. Alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyelia siku nyingi. Alijibu salamu, kisha akasema ana haraka.

"Najua. Mimi naitwa Kabula. Leo nilikuwa nipokee mtoto kutoka Kamsamba, konda akasema amempa Kabula."

"Kweli amenipa. Huyu ni wa dada yangu."

"Anaitwa nani?"

"Diana."

"Yeye amekwambia anaitwa Diana?"

Mama wa mchele alikuwa amefika, anahema, amejishika kiuno. Alimsalimia kama watu wanaojuana, akamuuliza lile lile: mtoto amejiitaje? Mwanamke akasema amejiita Mayu, na kuna ajabu gani, kwao watoto wote wa kike huitwa mayu. Alisema mara ya mwisho kumwona Diana alikuwa mchanga wa wiki mbili. Alisema ameambiwa mtoto wa miaka minne, atafika leo, kwa gari lile, kwa jina lake. Kila alichosema kilikuwa kweli. Alikuwa anakisema kwa Kabula, lakini macho yake yalikuwa kwa mtoto.

Kondakta wa basi, Mzambia kijana mwenye daftari, akaja kuuliza kwa Kiswahili cha mpakani nani anapanda na nani anasindikiza, apate kuandika majina. "Jina?" akamuuliza mwenye kilemba. "Kabula." Akageuka kwa mama wa mchele: "Jina?" "Kabula, mwanangu, ila sisafiri." Akageuka kwa wa tatu, kalamu imeinuliwa, na alipolisikia tena akashusha daftari. Akasema kwa Kibemba neno lililowachekesha abiria wa madirishani, kisha akawaambia wamalize ukoo wao, dereva anapiga honi baada ya dakika kumi.

Watu wakaanza kusogea. Kabula aliwaona kwa pembe ya jicho, wanawake wa nyanya, wabeba mizigo, wanakuja kuona. Mtoto naye aliwaona. Akamsogelea mwenye kilemba, akamshika gauni kwa mikono miwili, mdomo ukaanza kupinda. Kabula alijua akilia tu, kesi imekwisha.

"Wajina," mama wa mchele alisema taratibu, "simu yako ina laini ya wapi sasa hivi?"

Swali lile lilionekana la kipuuzi, lakini mwenye kilemba alishtuka kama amekanyagwa. Watu wa mpakani wana laini mbili na simu moja. Ukivuka geti unatoa ya Tanzania, unaweka ya Zambia. Ukirudi unabadili tena. Anayekutafuta kwa laini nyingine, asubiri.

"Ya huku," akasema.

"Uliitoa lini ile ya kwetu?"

"Nilipovuka."

"Shemeji yako ana namba ipi?"

Basi lilinguruma. Kabula alimtazama mwanamke yule, na kwa mara ya kwanza tangu stendi ya bondeni hakuona mtu aliyemchukulia mtoto. Aliona mtu ambaye njia nzima, tangu stendi hadi getini, huenda alimsikia mtoto akimtaja bibi yake, bibi hivi, bibi vile, akaona hailingani. Alikuwa amesikia, akaharakisha. Akatoa laini kabla hajahakikisha.

"Mimi mwenyewe sina hakika," Kabula akasema. Neno hilo lilimuuma kulitoa, lakini alilitoa. "Nimemwacha mdogo. Nikimtazama, simjui vizuri. Ukiniambia umehakikisha kwa shemeji yako, nitawaacha mpande, nitamtafuta wangu kwingine. Lakini hakikisha kwanza. Weka laini."

Mwanamke alikaa kwenye ngazi ya basi, palepale, watu wakimpita. Alifungua mkoba, akatoa kikaratasi alichokikunja mara nyingi, ndani kuna laini ndogo. Laini ikamponyoka, ikaanguka topeni. Mama wa mchele ndiye aliyeinama na unene wake wote, akaiokota, akaifuta kwa pindo la khanga. Simu ikafunguliwa, ikafungwa, ikawashwa. Wote watatu waliinama juu ya kioo kile kidogo wakisubiri mtandao wa ng'ambo ushike. Mtoto naye alichungulia.

Kabula hakuomba Mungu. Aliogopa kuomba, maana ombi lake lilikuwa kumvunja mwenzake.

Simu ikalia mara moja. Ikalia tena, mara nne mfululizo. Mwenye kilemba alisoma ujumbe wa kwanza kimya, kisha akampa simu Kabula asome mwenyewe. *Shem korongo limejaa tumeshindwa kufika barabarani gari limetupita. Diana yuko na mimi hapa. Kesho Mungu akijalia. Mbona hupatikani. Josephat.*

Zilizobaki zilikuwa zinauliza hilohilo: mbona hupatikani.

Kondakta alikuja, akawatazama, akaenda zake. Kisha mwenye kilemba akapangusa uso kwa kiganja, akasema kwamba aliposikia neno bibi, alijua, maana binti wa dada yake hana bibi aliye hai. Alisema alijiambia watoto huita kila mzee bibi. Alisema alipomnunulia viatu vikamkaa sawasawa, akajiambia, ona, vingemkaaje kama si wake?

"Ningefika Kitwe naye," akasema. "Wajina, ningefika."

Kabula alitaka kumchukia. Alikuwa na haki zote. Lakini aliona mkono wa mtoto bado umeshika gauni la yule mwanamke, akamwambia tu ashuke kabla mizigo yake haijaondoka, kwa sababu kesho kuna mtoto mwingine anakuja, na yeye ndiye anayetajwa.

Begi la mistari likashushwa. Basi likaondoka. Hapo ndipo mtoto alipolia, si kwa kilio cha kuogopa, bali kilio cha mtu aliyeahidiwa basi. Kabula alimnyoshea mikono, mtoto akarudi nyuma. Mwenye kilemba akamsukuma kidogo mbele, akarudi nyuma zaidi. Akawatazama wote watatu kwa zamu, kamasi linamtoka, na akamchagua mama wa mchele, mnene, mzee, anayenuka pumba kama bibi yake. Akainua mikono apandishwe mgongoni.

"Mimi?" mama wa mchele alisema. "Haya. Nimekuja kwa ajili ya wengine, nimepata mzigo." Akamfunga kwa khanga.

Walirudi hivyo, watatu na mmoja, kupitia katikati ya malori. Mvua ilikuwa imekatika. Mwenye kilemba alibeba begi lake kichwani, akasema atalala kwa mama wa mchele, na asubuhi atakwenda stendi akamsubiri Diana. Kabula akasema atakwenda naye. Mama wa mchele akasema itabidi wamwambie yule konda wa Kinyiha aache kuita jina moja; aite na la baba, na la babu, na kijiji. Mwenye kilemba alicheka kidogo, kisha akaanza kulia tena akitembea, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kabula alitembea nyuma yao akiwa amebeba viatu vyeupe, maana mtoto alikataa kuvivaa mgongoni. Kutoka pale aliona kisogo na miguu miwili inayoning'inia. Kila baada ya hatua chache mtoto aligeuza shingo kumtazama.

Walipokaribia geti, mtoto akasema jambo sikioni mwa mama wa mchele, kwa Kisukuma. Mama akamjibu kwa sauti, Kabula asikie: "Huyo anayebeba viatu. Huyo ndiye Kabula uliyetumwa kwake."

Mtoto akageuka tena. Safari hii hakuondoa macho. Alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu alivyovishika, kama mtu anayehakiki mzigo aliokabidhiwa.

"Bibi kasema utanipeleka shule," akasema.

"Nitakupeleka. Iko karibu na kwetu. Ina bembea."

Mtoto akalifikiria hilo. Lori moja likapiga honi, wakapisha, wakaendelea.

"Mbona umechelewa?"

Kabula alikuwa na majibu. Kulikuwa na gari lililowahi, na wingu, na Jairo, na mitihani, na mambo ya miaka miwili aliyoyapanga usiku mwingi jinsi ya kuyaeleza siku yakiulizwa. Yote yalifika mdomoni kwa pamoja, akayaacha yapite.

"Nimechelewa kweli, mayu," akasema, akaongeza mwendo wawe sambamba.